Mtoto Aingie Jikoni: Mazungumzo na Wazazi wa Handeni na Korogwe



Nimeombwa nizungumze juu ya chakula cha watoto wetu. Najua wengi wenu mnatarajia niwatajie makundi ya vyakula, kwa sababu ndivyo sisi wa ofisini tulivyowazoesha. Leo nitayaacha kando. Makundi hayo mnayajua, na picha zake zimebandikwa katika kuta za zahanati tangu baadhi yenu mlipokuwa mkibebwa mgongoni. Ninalotaka kuwaeleza ni jambo jingine, nalo ni kwamba mtoto asiyejua kupika hana uwezo wa kuchagua anachokula. Atakula anachouziwa. Na katika miji yetu, na siku hizi hata vijijini, wanaomsubiri wamuuzie ni wengi.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Dada yangu ana mtoto wa kiume ambaye sitamtaja jina, maana huenda kijitabu kitakachochapishwa kikamfikia. Kwetu Wazigua mjomba si mtu mdogo. Neno lake katika nyumba ya dada yake lina uzito, na mpwa hulishika. Mtoto huyu alipokuwa na umri wa miaka sita alipenda sana kukaa karibu na mafiga mama yake alipokuwa akipika. Alichambua mchicha, alikoroga uji, aliuliza maswali. Siku moja nilifika pale bila kutarajiwa, nikiwa na wanaume wenzangu wawili, nikamkuta ameshika mwiko. Nilicheka kwa sauti, nikamwuliza kama anajiandaa kuolewa. Wenzangu nao wakacheka. Mtoto akauweka mwiko chini, akatoka nje. Hakuushika tena kwa miaka minane.

Miaka minane baadaye akachaguliwa kuingia kidato cha kwanza. Mnafahamu hali ilivyo. Tangu mwaka 2004, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, shule za kata zimeongezeka sana, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini kata zetu za Handeni ni pana, na mtoto anayeishi kilomita 15 kutoka shuleni hawezi kwenda na kurudi kwa miguu kila siku. Mahali pasipo na bweni, wazazi humpangishia chumba karibu na shule, kile ambacho vijana wenyewe wanakiita geto. Mtoto wa miaka 14 anakuwa mkuu wa kaya. Kila Jumapili shemeji yangu alimpelekea unga, maharage na fedha kidogo za matumizi, akarudi nyumbani akiamini kwamba ametimiza wajibu wake. Nami niliamini hivyo.

Mwezi Juni kijana alirudi likizo. Alikuwa amekonda, midomo imepasuka pembeni, na akipanda kilima kidogo tu anahema kama mzee. Alipelekwa kituo cha afya, akapimwa, tukaambiwa ana upungufu wa damu. Minyoo ilikuwa na sehemu yake katika jambo hilo, na alipewa dawa. Ndipo mganga akamwuliza anakula nini. Ukweli ukatoka. Unga alikuwa akimpa mwanamke mmoja muuza maandazi, naye anapewa maandazi kwa hesabu. Maharage aliyapika mara moja tu, bila kuyaloweka, kwa muda wa nusu saa. Yakamuumiza tumbo usiku kucha, na yaliyobaki yakaliwa na wadudu ndani ya mfuko. Fedha zilikwenda kwenye chipsi na vinywaji vitamu vya rangi. Mtoto huyu aliweza kukokotoa milinganyo ya aljebra ambayo mimi siiwezi. Maharage hakuyaweza.

Sasa msikilize na upande wa pili, maana bila huo mtanielewa vibaya. Ana mdogo wake wa kike, wakati ule akiwa na miaka 11. Huyo alikuwa akipika kila siku kwa ajili ya watu watano. Mtasema basi huyo alifundishwa. Hapana, huyo alitumwa. Hakuna aliyekaa naye akamweleza kwa nini mboga haikaangwi mpaka ikawa nyeusi, wala namna ya kuishika sufuria ya ugali isitoke kwenye mafiga. Kovu la mkononi mwake ndilo lililomfundisha hilo la pili. Alijua ugali na mchicha wa kukaanga, basi, na alivichukia vyote viwili. Kaka tulimfukuza jikoni, na dada tukamtupa humo.

Kwa hiyo ninaposema mtoto aingie jikoni, siwaombi mumwongezee msichana kazi. Nawaomba mwaingize wote wawili, na mtu mzima awe nao pale akiwafundisha.

Ni haki kusema kwamba nchi yetu haikulala katika jambo la elimu ya chakula. Mwaka 1973 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania. Mwaka huohuo ikaendeshwa kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, watu wakikusanyika kwa vikundi kuzunguka redio, wakisikiliza somo na kulijadili. Wazee waliopo hapa wanazikumbuka. Zilikuwa kampeni kubwa na zilifanya kazi kubwa, lakini zilisema na watu wazima. Mtoto aliachiwa shule, na shuleni palikuwa na Sayansi Kimu, kisha Stadi za Kazi. Mimi niliisoma Sayansi Kimu. Nakumbuka tuliandika katika daftari namna ya kupika supu ya mboga, tukachora sufuria, tukapata alama. Sufuria yenyewe hatukuiona. Silaumu walimu, maana darasa la watoto 90 lisilo na jiko haliwezi kufundishwa upishi. Nasema tu kwamba jiko lipo nyumbani, na somo hili mwenye uwezo wa kulitoa ni mzazi.

Nirudi kwa mpwa wangu. Likizo ile ilikuwa ya wiki chache tu, na tulikubaliana kwamba asirudi geto kabla hajajua kujilisha. Mwalimu wake alikuwa bibi yake, mama yetu, ambaye macho yake yamepungua nguvu kiasi kwamba humtambua mtu kwa sauti. Alikaa kwenye kigoda, akamweka mjukuu mbele ya jiko, akawa anamwelekeza kwa kusikia na kunusa. Kitunguu kikipiga kelele nyingi alimwambia mafuta yamezidi moto. Harufu ya kunde ikibadilika alimwambia maji yamekauka. Nilikaa pembeni nikitazama, na nakiri kwamba mambo mengi niliyaelewa siku hizo kwa mara ya kwanza, nami nina mvi.

Alimwanzisha na makande. Ni chaguo la busara, na nawapendekezea. Mahindi na maharage yakiliwa pamoja hukamilishana: kilichopungua katika protini ya hiki kimo katika kile. Hayahitaji ufundi mkubwa, yanahitaji mpango tu. Usiku unaloweka, asubuhi unamwaga maji ya kulowekea na kuweka mengine, unachemsha mpaka punje ikibanwa kwa vidole inapondeka. Mtoto akishapika makande mara tatu anakuwa amejifunza jambo ambalo muuza chipsi hawezi kumfundisha, nalo ni kwamba chakula cha kesho huanza kuandaliwa leo.

Baada ya hapo zikaja mboga. Hapa nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo tunapopoteza mali bila kujua. Katika mashamba yetu, mvua za masika zikinyesha, mboga huota zenyewe: mlenda, mchunga, mnavu, na majani ya kunde tuliyopanda kwa ajili ya mbegu. Hizi zina madini ya chuma na vitamini A kuliko kabichi tunayoifuata sokoni kwa fedha. Watoto wengi wa Korogwe mjini na Chanika hawawezi kuutambua mchunga ukiwa shambani, na wakiuona mezani wanasema ni mchungu. Ni kweli ni mchungu. Bibi alimwonyesha kijana namna ya kuuchemsha kidogo, kuukamua, kisha kuupika kwa tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Alimwambia pia asizoee kutia magadi katika mlenda. Hulainisha mboga haraka na kuipa rangi nzuri, lakini huharibu sehemu ya vitamini. Akamwonyesha kuanika majani kivulini, si juani, yatumike wakati wa kiangazi. Na jambo moja ambalo mganga alikuwa amelisema, bibi akalijua kwa njia yake: mboga za majani huliwa na limau, ndimu au chungwa. Tindikali na vitamini C husaidia mwili kuyachukua madini ya chuma yaliyomo katika mboga. Chai ikinywewa pamoja na chakula huyazuia. Sisi tunaokaa jirani na machungwa ya Muheza na ya Michungwani hatuna udhuru katika hilo.

Kuna watakaosema kwamba haya ni mambo ya ladha na mazoea, kila mtu na nyumba yake. Basi nitaje mambo mawili ambayo ni ya uhai na kifo.

La kwanza ni sumukuvu. Hii ni sumu inayotengenezwa na kuvu katika mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa na unyevu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, ambao si mbali na sisi, na ambao wanakula mahindi kama sisi. Sumu hii haionekani kwa macho, haina harufu, na moto wa jiko hauiondoi. Pombe iliyopikwa kwa mahindi mabovu inayo. Kuku aliyelishwa mahindi hayo anadhurika. Kinga ni kukausha vizuri na kuhifadhi pakavu, na kinga nyingine, iliyo mikononi mwa mtoto wa miaka mitano, ni ungo. Punje zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au zilizotobolewa na wadudu ndizo hubeba sumu nyingi zaidi, na kuzichambua kabla ya kusaga hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa. Zitupwe, zifukiwe, wasilishwe mifugo. Zamani watoto walikaa na bibi zao wakichambua nafaka huku wakisikiliza hadithi. Leo tunapeleka gunia mashineni kama lilivyo. Tena wapo tunaowashauri watu kula dona, nasi tunasema kweli kwamba kiini cha mahindi kina lishe, lakini dona ya mahindi yasiyochambuliwa hubeba na sumu ambayo ukoboaji ungeipunguza. Ukitaka dona, chambua kwanza.

La pili ni muhogo mchungu. Huku kwetu bada tunalijua, na kisamvu tunakijua. Muhogo mchungu una sumu ambayo mababu zetu walijua kuitoa kwa kumenya, kuvundika siku kadhaa na kuanika. Mwaka 1985, wakati wa ukame, wilayani Tarime, watu waliokuwa na njaa walifupisha kazi hiyo, na miongoni mwao ukazuka ugonjwa wa konzo, unaopoozesha miguu na usiopona. Walioathirika zaidi walikuwa watoto na wanawake. Mapishi, ndugu zangu, ni elimu, na elimu hiyo ikikatika kati ya bibi na mjukuu hakuna anayejua imekatika mpaka siku ya ukame. Kisamvu nacho kitwangwe vizuri na kuchemshwa sana, sufuria ikiwa wazi, kabla ya kuunga nazi.

Sasa twende sokoni, kwa sababu kijitabu hiki ni cha walaji na wanunuzi, na mpishi mwema ni mnunuzi kwanza.

Wazazi wengi humpa mtoto shilingi 500 ya kula shuleni. Siwakatazi. Naomba mfanye naye hesabu. Siku 20 za shule katika mwezi ni shilingi 10,000. Jumamosi moja mchukue mtoto pamoja na shilingi 10,000 hiyo mkononi mwake, nendeni soko la Manundu, au Mombo zinakoshukia mboga za Lushoto, au gulio lililo karibu nanyi, mwambie anunue vyakula vya nyumba nzima. Msimsaidie haraka. Aulize bei kwa watu watatu kabla ya kununua. Atazame kama fungu la nyanya limepangwa vizuri juu na bovu chini. Aone kwamba karanga zinazouzwa kwa kopo zinategemea kopo lenyewe, kama limebonyezwa kitako, na kwamba kupima kwa mizani ni haki yake. Ashike dagaa, anuse, akatae wenye mchanga. Mtoto aliyekwisha kufanya hivyo mara moja huitazama shilingi 500 ya kesho yake kwa macho mengine, na hana haja ya kuhubiriwa.

Kisha mfundisheni kusoma kibandiko cha bidhaa. Hapa mara nyingi mtoto atakuwa mwalimu wenu, kwa kuwa maandishi mengi bado ni ya Kiingereza, jambo ambalo binafsi silipendi, kwani mwenye kula ana haki ya kusoma kwa lugha yake. Atafute mambo matatu: tarehe ya mwisho wa matumizi, alama ya ubora ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tangu 2019 ndilo linalosimamia pia usalama wa chakula, na orodha ya viambato. Orodha hiyo huandikwa kwa kufuata uzito, kilicho kingi kikitangulia. Mwambieni asome pakiti ya viungo vya mchuzi, aone chumvi iko nafasi ya ngapi. Asome na chupa ya kinywaji kitamu. Ikiandikwa kwamba kila mililita 100 zina gramu 10 za sukari, chupa ya mililita 350 ina gramu 35. Kijiko cha chai kilichosawazishwa huchukua gramu 4 hivi. Mpeni kijiko na bakuli, ahesabu vijiko tisa, aitazame sukari hiyo ikiwa imelala pale mbele yake. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula cha siku, na ikiwezekana iwe nusu ya hapo, ambayo kwa mtu mzima ni kama vijiko sita. Mtoto mwenyewe atasema chupa hiyo ni ya watu wangapi.

Kuhusu chumvi, nunueni iliyowekwa madini joto, iwekwe katika chombo chenye kifuniko mbali na moshi na jua, na itiwe chakula kinapokaribia kuiva, ili madini hayo yasipotee. Kiasi ni chini ya gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja cha chai, na hesabu hiyo inajumlisha ile iliyojificha katika viungo vya pakiti.

Ikitokea mmeuziwa bidhaa iliyopita muda wake, irudisheni dukani na risiti mkiwa na mtoto, aone namna mtu anavyodai haki yake kwa heshima. Mwenye duka akikataa, toeni taarifa kwa ofisa afya wa kata au kwa ofisi ya TBS. Aibu ya kurudisha kitu dukani ni ugonjwa wetu wa zamani.

Naona akina mama wawili hapa wanatikisa vichwa, na najua swali lao: moto je? Ni swali la haki, hasa baada ya kuwaeleza juu ya kovu la yule binti.

Umri ndio unaoongoza. Mtoto wa miaka minne au mitano achambue mchele na mahindi, achume majani kwenye vikonyo, aoshe nyanya. Wa miaka saba au minane anaweza kukata mboga laini kwa kisu kidogo akiwa ameketi, kukuna nazi kwa uangalifu, kukamua tui katika kifumbu. Akifika miaka kumi, apike uji na kuchemsha mayai, mtu mzima akiwa palepale; hapo ndipo afundishwe kuwasha na kuzima. Kukaanga kwa mafuta mengi kungoje mpaka akue zaidi, na sufuria ya ugali wa watu wengi isisongwe na mtoto ambaye bado hana nguvu ya kuizuia. Mafiga yawe imara, vishikio vya sufuria vielekezwe ndani, na khanga au kanzu isining'inie juu ya moto. Jiko la mkaa lisiingizwe kamwe katika chumba kilichofungwa. Hewa yake huua mtu akiwa usingizini, na hili nalisema kwa ajili ya vijana wa mageto, ambao wakati wa baridi hufanya hivyo. Mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda.

Serikali inao mkakati wa miaka kumi, 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia, na mitungi ya gesi inaingia majumbani mwetu kwa wingi. Ukinunua mtungi, hakikisha lakiri haijafunguliwa, na omba upimwe: uzito wa mtungi mtupu umeandikwa juu ya mtungi wenyewe, ukiujumlisha na kilo 6 za gesi upate uzito unaoonekana kwenye mizani. Mtoto afundishwe harufu ya gesi kabla ya kufundishwa kuwasha. Akiinusa, asiguse kiberiti wala swichi ya taa. Afungue milango, atoke, aite mtu.

Ndugu zangu wa upande wa Handeni wana shida nyingine ambayo wa Korogwe hawaijui sana, nayo ni maji. Maji ya Mto Pangani husukumwa kutoka kwenu wa Korogwe kuja kwetu, na kuna majira hayafiki. Upishi wa mahali penye uhaba wa maji una ujuzi wake, nao pia ni wa kurithisha. Mboga huoshwa kabla ya kukatwa, na maji yaliyooshea mboga hupewa mche wa mpapai. Kinachochemshwa kwa maji machache na kifuniko huiva kwa kuni chache pia, isipokuwa kisamvu, kwa sababu niliyokwisha kuitaja. Mikono hunawiwa kwa maji yanayotiririka hata kama ni ya kibuyu chirizi. Mtoto akijua haya, ndoo moja humtosha.

Kuna pingamizi moja ambalo husemwa kwa sauti ya chini, kwamba mtoto anayejifunza anaharibu chakula, na chakula ni ghali. Ni kweli. Mpwa wangu aliunguza kunde mara mbili katika wiki ya kwanza, na dada yangu alilalamika, na malalamiko yake yalikuwa ya haki. Kwa hiyo mpeni kiasi kidogo. Kikombe kimoja cha kunde kikiungua, hasara yake mnaijua. Tulichotumia kwa nauli, vipimo na dawa za kijana yule kilikuwa zaidi ya gunia la maharage.

Pingamizi jingine husemwa na sisi wanaume, tena kwa kicheko, na mmekwisha kusikia kicheko changu kilizaa nini. Wanaume wanaopika chipsi kandokando ya barabara ya Segera na wanaochoma nyama pale mabasi yanaposimama Korogwe hakuna anayewauliza kama wataolewa. Mpishi wa hotelini akiwa mwanamume tunamwita fundi. Sijui kwa nini mwiko huohuo ukishikwa na mvulana nyumbani tunaona haya.

Kijana sasa yuko kidato cha nne. Wanakaa geto wavulana watatu, wamegawana siku za kupika. Muuza maandazi bado wanamwendea, Jumamosi. Mara ya mwisho nilipowatembelea nilipewa makande na mchunga, na mwenyeji wangu akaniomba radhi kwamba chumvi ni kidogo, kwa kuwa mwenzao mmoja amewasomea kibandiko. Nilikula, nikaomba kuongezwa. Kisha nikamwambia, mbele ya wenzake, yale niliyopaswa kumwambia alipokuwa na miaka sita. Alicheka, akasema hakumbuki siku hiyo. Mama yake ananiambia anaikumbuka.

Ndugu Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha, na naona kuna mikono imenyanyuka. Tuanze na yule mama wa nyuma, mwenye binti aliyemshika mkono. Kisha, ukiruhusu, ningependa tumsikie binti mwenyewe.